Makadirio na Bi Vipimo

Pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Makadirio, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimwuliza mvua itakatika saa ngapi, alitazama juu, akafinya jicho moja, akakupa jibu. Ukimwonyesha gunia alikutajia uzito wake bila kulinyanyua. Mara nyingi alipatia, na alipokosea alikuwa na sababu tayari mdomoni: ama gunia limelala kwenye unyevu, ama mizani yenu ni ya kizamani.

Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya karatasi. Alikaa na wenzake wawili wa zamu kwenye chumba chenye kioo kirefu, na kutoka hapo aliiona mashine yote kama mtu anavyouona mtaa wake kutoka ghorofani. Upande wa mbele rojo jeupe lilimwagwa juu ya wavu, likachuruzika maji. Kisha likabanwa na roli za kukamulia, likawa shuka laini linaloweza kuchanika kwa chafya. Shuka hilo likapanda na kushuka kwenye mitungi mikubwa ya chuma iliyojaa mvuke wa moto, hadi likatokea upande wa nyuma likiwa karatasi, likajiviringisha lenyewe kwenye roli nene. Mkononi mwa Makadirio kulikuwa na vali ya mvuke. Karatasi ikitoka na unyevu mwingi, aliifungua zaidi. Ikikauka kupita kiasi, aliipunguza. Ukiisimulia, kazi yenyewe ni nyepesi sana.

Mkewe naye alikuwa hapo hapo kiwandani, ng'ambo ya uwanja, kwenye maabara. Yeye walimwita Bi Vipimo. Huyu hakukisia kitu. Nyumbani aliisawazisha chumvi kwenye kijiko kwa mgongo wa kisu, na mgeni akimwuliza kutoka hapa hadi kituoni ni mbali kiasi gani, alijibu kwamba hajawahi kupima. Watu wa kiwandani walisema Makadirio kaoa Vipimo, maskini, makosa yake yatajulikana siku hiyo hiyo. Utani huo waliuzoea wote wawili, na kwa kweli uliwakaa vizuri miaka mingi.

Mambo yalianza kwenda mrama mwaka ule kipimaunyevu kilipokufa.

Kipimaunyevu kilikuwa jicho dogo lililofungwa kwenye fremu upande wa nyuma wa mashine. Kutwa kucha lilikimbia juu ya karatasi, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, likimwambia Makadirio papo hapo karatasi ina maji kiasi gani. Asubuhi moja lilifuka moshi kidogo, likanyamaza. Jicho jingine likaagizwa ng'ambo. Kusimamisha mashine lilikuwa jambo lisilofikirika, kwa sababu karatasi ile ilikuwa ya madaftari yaliyotakiwa yawe tayari shule zitakapofunguliwa baada ya likizo. Meneja akaamua watatumia njia ya zamani: kila roli ikijaa, kinakatwa kipande, kinapelekwa mbio maabara, Bi Vipimo anakipima, anakikausha, anakipima tena, kisha anapiga simu chumba cha mashine kutoa jibu.

Njia hiyo iliwafaa. Bi Vipimo alipiga simu kabla kipande hakijapoa, mumewe akageuza vali kidogo, karatasi ikatulia. Meneja alitembea akipiga mluzi.

Sasa, Makadirio alikuwa na dada yake, kitinda mimba wa kwao, fundi wa kushona mapazia. Dada huyu alipata kazi kwenye mji wao, akampigia kaka yake simu kumwuliza kama anaweza kukaa kwao hadi apate pake. Makadirio hakufikiri hata kwa urefu wa pumzi moja. Alimwambia, "Njoo tu. Wifi yako hana neno." Wifi mwenyewe wakati huo alikuwa uani akianua nguo, na hakusikia kitu.

Alikuja kusikia Jumatatu jioni, dada mtu alipompigia kumshukuru kwa moyo wake mkubwa. Bi Vipimo akazipokea shukrani kwa adabu zote, akamtakia usiku mwema, akaiweka simu mezani taratibu. Kisha akamgeukia mumewe.

"Nani alikwambia mimi sina neno?"

"Nilijua tu," Makadirio akasema. "Nakujua miaka yote hii."

"Ulijua, au ulikisia?"

Makadirio, kwa sauti aliyoidhani ni ya kuleta amani, akasema kwamba kwake yeye hayo mawili ni kitu kimoja.

Basi, hapo ndipo kimya kilipoanza. Watoto walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo hapakuwa na wa kutumwa kati ya chumba na chumba. Bi Vipimo akaanza kuzungumza na vyombo. Aliliambia kabati kwamba chakula kimeiva. Aliuambia mlango kwamba unaachwa wazi na mbu wanaingia. Makadirio akala, akafunga mlango, akajipa moyo kwamba jambo hili litakwisha kesho kutwa. Kesho kutwa ikafika na kupita, na kabati likaendelea kupewa habari zote za nyumba ile.

Kule kiwandani kulikuwa na tatizo jingine. Simu ya chumba cha mashine ilipokelewa na Makadirio, na Bi Vipimo hakuwa tayari kuisikia ile sauti ikisema "haloo". Majibu ya vipimo lakini hakuyaacha, maana kazi kwake ni kazi. Aliyaandika kwenye kikaratasi kwa mwandiko wa kupendeza, akakikunja, akamkabidhi Mama Chai.

Mama Chai ndiye aliyezungusha chupa za chai kiwanda kizima. Alikuwa mtu mwaminifu. Ukimpa kitu, kitafika. Ila alikuwa na njia yake, na njia hiyo hakuibadilisha kwa ajili ya mtu yeyote. Akitoka maabara alipita stoo, akitoka stoo alipita kwenye boila, mtambo wa kuchemshia mvuke, na kwenye boila alikaa kidogo kwa sababu fundi wa boila alijua kusimulia. Chumba cha mashine kilikuwa cha mwisho, pale chupa zilipokuwa nyepesi.

Ikawa hivi. Kikaratasi kinafika kikisema karatasi ina maji mengi. Makadirio anafungua mvuke. Sasa, mitungi ile ya chuma ni mizito, haipati moto kama sufuria. Ukiiongezea mvuke hukaa kwanza kama haikusikia. Makadirio anatazama, haoni badiliko, anaongeza. Kikaratasi cha pili kinaletwa, nacho kimepimwa kabla ule mvuke wa kwanza haujafanya kazi, kinasema maji bado ni mengi. Makadirio anaguna, anaongeza tena. Halafu moto wote alioumwaga unafika kwa pamoja. Karatasi inatoka imekauka kama jani la tumbaku, inakatika, king'ora kinalia, mafundi wanakimbia chini na kamba zao kuipitisha upya, na rundo la karatasi nyeupe linaanguka shimoni kwenda kusagwa tena kuwa rojo. Baada ya hapo Mama Chai anaingia, anaweka kikombe, anaweka kikaratasi, na kikaratasi kinasema: kavu sana. Makadirio anafunga mvuke kwa hasira, na safari inaanza upya upande wa pili.

Alilaumu rojo. Alilaumu boila, hadi fundi wa boila akakasirika na kusema kama mvuke wake haufai wachome kuni. Alilaumu hewa. Wenzake wa zamu waliinamisha vichwa juu ya meza na kutazama kalamu zao, kwa sababu wao walijua, na kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aseme.

Ndipo akaletwa Injinia. Alikuwa msichana mwembamba mwenye mkoba mgongoni, mwenye adabu na mwepesi wa kucheka, ametumwa na makao makuu aweke programu kwenye kompyuta ya chumba cha mashine. Akawaeleza vizuri. Kwa kuwa jicho halipo, kompyuta itaangalia kasi ya mashine, joto la mvuke na uzito wa karatasi, itachukua na majibu ya maabara, halafu itakadiria yenyewe unyevu ulivyo sasa hivi, na kushauri vali igeuzwe kiasi gani.

"Itakadiria," Makadirio akarudia.

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo mmeniletea mwenzangu."

Wenzake wakaangua kicheko. Injinia, ambaye alikuwa bado hajaambiwa jina la utani la mtu huyu, akacheka nao kwa heshima bila kujua anacheka nini, na Makadirio akaumia zaidi.

Kabla ya kuweka programu, msichana yule aliomba kumbukumbu zote za mashine zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, pamoja na majibu ya maabara, akazichora kwenye karatasi moja ndefu. Asubuhi iliyofuata Meneja akaita kikao. Walikuwepo Makadirio, Bi Vipimo, fundi wa boila, na Mama Chai aliyekuwa akimimina. Mume na mke walikuwa wamekaa ncha mbili za meza, kila mmoja akitazama dirisha lake.

Injinia akaitandaza ile karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja, wa unyevu wa karatasi. Mwanzoni mstari ulikwenda umenyooka, umetulia kama maji ya ndoo. Kisha, mahali fulani, ukaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mawimbi makubwa hadi mwisho wa karatasi.

"Nimeshindwa kuelewa kitu kimoja," akasema. "Jicho lilipoharibika hakukuwa na shida. Shida imeanza hapa, Jumanne. Jumanne hiyo mlibadilisha rojo?"

Hapana, rojo halikubadilishwa.

"Boila?"

Fundi wa boila akasema, akiwa na furaha isiyofichika, kwamba boila lake halikuguswa na mtu.

"Labda maabara mlipata mtu mpya?"

Meneja akakohoa. Fundi wa boila akagundua kwamba dari ya chumba kile ilikuwa na mambo mengi ya kutazama. Makadirio alihisi masikio yakimwaka moto, na bila kupenda akamtupia mkewe jicho. Mkewe naye, bila kupenda, alikuwa amemtupia yeye.

Mama Chai akaweka chupa chini. "Jumanne ndiyo siku niliyoanza kubeba vikaratasi," akasema.

Injinia akamwuliza vikaratasi gani, na Mama Chai akaeleza yote bila kuficha, maana hakuona cha kuficha. Alieleza stoo, akaeleza boila, akakiri kwamba kwenye boila huwa anapumzisha miguu. Msichana alisikiliza huku akiandika, akiwa mtu mwenye shauku ya kweli ya kujua. Halafu akauliza swali ambalo kila mtu mezani aliomba asiulize.

"Na kwa nini maabara hawapigi simu?"

"Kwa sababu simu inapokelewa na mwendeshaji," Bi Vipimo akasema, akilitazama dirisha lake.

"Na mwendeshaji ana shida gani?"

"Mwendeshaji ni mume wangu."

Injinia akautazama mstari wake, akamtazama Makadirio, akamtazama Bi Vipimo, akaurudia mstari. Uso wake ulianza kuiva pole pole. Katika maisha yake yote, alikuja kusema baadaye, alikuwa hajawahi kuona ugomvi wa watu wawili umechorwa kwa usahihi namna ile. Meneja alijifunika mdomo kwa mkono, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Lakini kazi ilikuwa kazi, na msichana akajikaza. Akamwambia Bi Vipimo kwamba vipimo vyake havina kosa hata kimoja, ameviangalia vyote. "Ila mama, vinapofika kule vimeshakuwa habari za jana. Anayeviamini anaharibikiwa kuliko asiyeviamini."

Makadirio, ambaye kwa siku zote zile alikuwa akiomba apatikane mtu wa kumwambia mke wake kwamba amekosea, aliuona uso wa mkewe ukishuka. Alitegemea kufurahi. Badala yake alihisi kama mtu aliyemkanyaga mtoto gizani.

"Vali naigeuza mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Yeye hakuigusa. Na mimi naigeuza mara mbili mbili."

Meneja akainuka. Alisema yeye si msuluhishi wa ndoa na hataki kuwa. Kwao waende wakanune hadi wapasuke, lakini ndani ya geti hili simu itapigwa, na itapokelewa, na Mama Chai atabeba chai. Kikao kikaishia hapo.

Simu ikaanza kupigwa. Simu zenyewe zilikuwa kavu kuliko karatasi. "Asilimia saba na nusu. Kipande cha saa nne na robo." Kisha mlio wa kukatwa. Injinia alikuwa ameomba kila jibu litajwe na saa ya kipande, ili kompyuta ijue habari hiyo ni ya umri gani, na Bi Vipimo alitaja saa kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Makadirio alisema "nimepata" kwenye simu iliyokwisha kukatwa.

Kompyuta ikashauri: ongeza mvuke kidogo, kisha subiri. Kuongeza hakukuwa na taabu. Kusubiri ndiko kulikomtoa jasho Makadirio. Aliketi, akasimama. Alizunguka kiti chake. Akasogeza mkono kwenye vali, akamwona Injinia akiuona, akaurudisha akijikuna shingo kana kwamba huko ndiko ulikokuwa unakwenda. Mwishowe aliibana mikono yote miwili kwapani, akakaa hivyo kama mtu anayesikia baridi, ndani ya chumba ambacho kila mtu alikuwa akijipepea. Na karatasi, bila kuguswa na mtu, ikaanza kutulia yenyewe. Aliitazama ikitulia, akafurahi, na akasikitika kidogo pia, kwa sababu miaka yote alidhani ni yeye anayeituliza.

Siku kadhaa zilipita hivyo, na mstari ukanyooka. Kisha, adhuhuri moja, kompyuta na maabara zikagongana.

Kompyuta ilisema unyevu ni saba. Simu ikalia, Bi Vipimo akasema tisa. Injinia akakunja uso. Akapitia namba zake: mvuke ule ule, kasi ile ile, uzito ule ule. Kila kitu kilisema saba. Mmoja wa wenzake Makadirio akasema labda maabara wamekosea leo, kila mtu ana siku yake mbaya. Injinia naye, kwa uangalifu, akasema huenda kipande kilishikwa na mkono wenye maji, na pengine jibu hili waliache kando wasubiri jingine.

Makadirio alikuwa bado ameushika mkono wa simu. Safari hii mkewe hakukata, pengine kwa kuwa alisikia ubishi, na yeye Makadirio alikuwa amesahau kama simu iko wazi.

"Akisema tisa ni tisa," akasema.

"Mzee, lakini kompyuta..."

"Kompyuta siijui. Huyu namjua. Hatamki namba mpaka aione mara mbili. Kama ni tisa huku wewe unaona saba, basi kuna kitu kwenye mashine ambacho wewe na mimi hatukioni. Tukakitafute."

Wakashuka chini. Walipita mtungi kwa mtungi, Makadirio mbele, Injinia nyuma yake na tochi, katika joto la kukausha ulimi. Mtungi mmoja wa katikati ulikuwa ukitoa sauti nzito, kama tumbo la mtu aliyekunywa maji mengi. Bomba la kutolea maji lilikuwa limeziba. Mvuke uliingia, ukapoa, ukageuka maji, na maji yakakosa pa kutokea. Mtungi ulikuwa umejaa nusu na haukukausha kitu. Kompyuta iliona mvuke unaingia, ikaamini kwamba kazi inafanyika. Mafundi wakazibua bomba, maji machafu yakabubujika, na roli iliyofuata ikatoka sawa.

Injinia hakuona aibu, na hilo lilimfanya Makadirio ampende. Waliporudi chumba cha mashine alikaa hapo hapo kurekebisha programu yake, akieleza huku anaandika: kuanzia sasa, kila jibu la maabara litayavuta makadirio kuelekea kwenye ukweli, na yakiwa mbali mno, kompyuta italia. "Makadirio yakikaa muda mrefu bila kusahihishwa na vipimo," akasema, macho yake yakiwa kwenye kioo cha kompyuta, "yanapotea pole pole, na yenyewe hayajui."

Chumba kizima kikamgeukia Makadirio.

"Nimesikia," akasema.

Akauona mkono wa simu umelala mezani kama alivyouacha. Akauweka sikioni, akitegemea kimya. Badala yake akasikia mtu anapumua.

"Nilipima mara tatu," Bi Vipimo akasema, na sauti yake haikuwa ile ya tangazo. "Ya tatu nilimwita mwenzangu aangalie."

"Najua," akasema Makadirio. Kisha akajishika. "Sikujua. Niliamini tu."

Mkewe akakata simu, lakini alikata taratibu.

Jioni ile, nyumbani, kabati halikuambiwa kitu. Walikula wakizungumza habari za bomba lililoziba, kwa uangalifu, kama watu wanaovuka daraja la mbao. Makadirio aliosha vyombo bila kuombwa, akavifuta, akarudi akasimama mlangoni na taulo begani. Akasema kwamba kuna swali alitakiwa amwulize kabla ya kumjibu dada yake, na hakuliuliza, na sasa analiuliza. Dada yake aje akae kwao au asije?

Alikuwa ameshaandaa uso wa kupokea jibu. Kwa hesabu yake, jibu lilikuwa moja kati ya mawili: ndiyo, kwa kuwa ameulizwa vizuri; au hapana, kwa ajili ya jiko, maana jiko la wanawake wawili aliwahi kusikia habari zake.

"Sijui," Bi Vipimo akasema. "Nipe nafasi nifikirie."

Na akaenda kulala.

Makadirio aliona cha moto. Kuisubiri mitungi ya chuma kulikuwa mchezo ukilinganisha na kusubiri huku. Asubuhi alifungua mdomo amwambie kwamba dada yake si mlaji, akaufunga. Mchana kwenye simu alipokea "saba kamili, kipande cha saa saba", akavuta pumzi aongeze neno, akaliacha. Jioni alijikuta amepiga viatu vya mkewe rangi, vyote, pamoja na vile vya rangi ya kahawia ambavyo alivitia rangi nyeusi. Bi Vipimo alivitazama, akamtazama yeye, akaenda zake, ila mdomo wake ulikuwa umekazwa kwa namna ya mtu anayezuia kitu kisitoke.

Alijibu Jumamosi, wakiwa wanatandika kitanda, kila mmoja ameshika ncha ya shuka.

"Aje," akasema. "Lakini si sasa. Watoto wanakuja likizo, na mwaka mzima sijakaa nao. Zile siku nataka tuwe sisi tu, nipige kelele ndani ya nyumba yangu bila kumwonea mtu haya. Wakirudi shule, aje, akae anavyotaka."

Makadirio akasimama na ncha yake ya shuka. Angekaa chini akisie hadi mwaka uishe, jibu hilo asingelifikia. Jiko halikutajwa kabisa. Hata yeye mwenyewe, alipofikiria, aliona kwamba naye amewakumbuka watoto vile vile.

Ilibaki kumweleza dada mtu, na huo mzigo ulikuwa wake. Alimpigia pale pale, simu ikiwa wazi wote wasikie, akaanza kuzunguka: unajua mdogo wangu, mambo ya likizo, nyumba nayo, si kwamba hutakiwi. Dada yake akamwacha azunguke hadi achoke.

"Kaka," akasema, "mimi nimeshapata chumba. Tunakaa wawili na mwenzangu wa kazini, tangu wiki ile ile."

"Lakini nilikwambia uje."

"Wewe uliniambia. Wifi hakuniambia. Kwani nilipompigia kumshukuru ulidhani namshukuru? Nilitaka kusikia anavyoitikia. Nilivyosikia ile adabu yake, siku ya pili nikatafuta chumba."

Bi Vipimo aliiachia ncha yake ya shuka. Alianza kucheka kimya kimya, mkono kifuani, kisha akashindwa, akakaa kwenye kitanda ambacho hakijamalizwa, machozi yakimtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mbele ya mumewe tangu Jumatatu ile. Makadirio alisimama kama kamwagiwa maji, hajui amekasirika au amepona. Mkewe akampokonya simu, akaanza kumwomba wifi yake radhi, wifi akaomba radhi na yeye, na baada ya hapo wakahamia kwenye habari za mtu mmoja aliyekuwa akikisia kila kitu tangu utotoni, wakimzungumza kana kwamba hayumo chumbani.

Jicho jipya lilifika wakati watoto wako nyumbani. Likafungwa, likaanza kukimbia juu ya karatasi, na namba zake zikakubaliana na za kompyuta. Injinia akawaaga wote, akamkumbatia Mama Chai, akaondoka na ule mchoro wake mrefu, akisema anataka kuuonyesha makao makuu bila kutaja watu. Madaftari yalitoka kabla shule hazijafunguliwa. Simu ya maabara sasa haikuhitajika tena kila roli, lakini iliendelea kulia, na Meneja akalalamika kwamba kila akitaka kuongea na chumba cha mashine anakuta laini inatumika.

Watoto waliporudi shule, dada alikuja Jumapili na cherehani yake, kuwasalimu na kumshonea wifi mapazia, akakaa hadi jua likazama, na Bi Vipimo akamtandikia alale. Asubuhi waliondoka watatu pamoja kwenda kazini, wanawake mbele wakipiga soga, Makadirio nyuma yao akiwa amebeba cherehani ya mtu, akiuliza kama ni lazima waende kwa mwendo ule.